Nilitia Chumvi ya Katwe, Mtoto Akalilaumu Jiwe Lake

Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Nimekaa nalo miaka mingi mpaka halinilizi tena. Nalisema tu, kama mtu anayesema jana mvua ilinyesha.

Mimi ni mtu wa Bwera. Nyumbani tuliuza chumvi ya ziwa Katwe kwa watu wa kutoka Beni na Butembo. Nikaolewa Kasese na fundi umeme wa mgodini, Mkenya wa pwani aliyefiwa na mkewe, mwenye binti wa miaka tisa. Mtoto hakunichukia, nisimsingizie. Alinisalimia, alikula nilichopika. Ila kuniita, aliniita "wewe".

Sebuleni kulikuwa na sanduku kubwa la kioo. Ndani yake maji ya bahari, samaki wawili wadogo, na matumbawe hai, yale niliyodhani ni mawe, kumbe yanafungua vidole vidogo yakipata mwanga. Marehemu mama yake ndiye aliyevileta vyote kutoka Mombasa kwa treni, ndani ya madumu. Mtoto akitoka shule, hapo ndipo alipokwenda kwanza. Aliwasimulia samaki mambo ya darasani, mimi niko jikoni nasikia.

Basi bibi yake akafariki huko pwani. Baba na mtoto wakaenda mazikoni. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, nikaachwa nilinde nyumba. Mume wangu akanionyesha mstari aliouchora kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya mstari, niongeze maji ya mvua matupu, kidogo kidogo. Chumvi nisiguse. Akanionyesha na kipimo chake, kijiti cha kioo kinachoelea: chumvi ikizidi, kinapanda. Mtoto naye, kabla ya kutoka, akatumbukiza jiwe jeupe aliloliokota mtoni, ati samaki wasijione wameachwa peke yao.

Siku nyingi zilipita vizuri. Jiwe limo, samaki wanalizunguka, matumbawe yamefunguka. Hilo nalitaja makusudi.

Kisha jua la Kasese likakaza, maji yakashuka. Sasa sikieni akili yangu. Kwetu, chumvi ikikaa kwenye gunia wakati wa mvua, inatoa maji, inachuruzika, inapungua. Mnunuzi akija tunamwongezea konzi. Nimekua nikijua chumvi ni kitu kinachokimbia. Nikaona maji yamepungua, nikasema basi na chumvi imekwenda nayo.

Na kulikuwa na lingine, nalo nalisema. Kila kitu mle ndani kilikuwa cha yule marehemu. Nilitaka na mimi niwe na changu mle. Nikachukua chumvi ya kwetu, nikaikoroga kwenye maji ya mvua, nikamimina. Halafu nikaongeza konzi, kama kwa mnunuzi.

Jamani, chumvi haikuwa imekwenda popote! Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Hata Katwe ndivyo wanavyoipata, nimeona kwa macho yangu tangu utotoni, na sikufikiri. Tena ya Katwe si sawa na ya bahari, ina magadi ndani yake.

Kesho yake matumbawe yamefumba. Kipimo kimepanda juu. Hofu ikanishika, nikafanya la pili, na hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Nikachota nusu ya maji nikayamwaga uani, nikajaza ya mvua kwa mkupuo mmoja. Kipimo kikashuka mpaka pale kilipotakiwa. Nikafurahi kabisa. Jioni samaki wamelala ubavu, matumbawe yanatoa ute, nyumba inanuka.

Waliporudi nilikuwa na jibu langu tayari.

"Mi sijui," nikasema. "Nimeamuka nimekuta iko hivi."

Mume wangu akatia kipimo, akakuta kiko sawa. Akatia mkono, akalitoa lile jiwe, akaligeuza dirishani. Lilikuwa na mchirizi wa kijani. Akatuuliza nani ameliweka. Akatueleza kwamba mto ule unatoka kwenye milima ya shaba, na shaba ni sumu kwa viumbe wa baharini. Hakumgombeza mtoto. Alimwambia tu kwamba hakujua.

Nilikuwa nimesimama palepale. Mdomo ninao. Sikuufungua.

Jioni ile mtoto akanifuata jikoni. Akaketi chini, akaweka kichwa magotini pangu.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyeviua vitu vya mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nikampapasa kichwa.

"Nyamaza, mutoto yangu. Imeisha."

Ningesema kweli, angelichukua neno lile na kwenda nalo. Kwa hiyo sikusema. Sikusema siku ile, wala baba yake alipolijaza lile sanduku mahindi, wala tulipomzika baba yake.

Sasa binti yule ni mtu mzima, anafundisha shule upande wa Kitswamba. Hafugi hata kuku. Husema ana mkono mbaya. Watoto wake wakiokota jiwe mtoni, anawanyang'anya na kulitupa mbali, nao hawajui kwa nini. Mimi hukaa pale, nakunywa chai yake.

Ninyi mnaolinda vitu vya watu, maji yakipungua ongeza maji. Ukizidisha chumvi, rudisha polepole, siku baada ya siku, kwa sababu kiumbe ukimshtua mara mbili haponi. Na ukiharibu, sema siku ileile, kabla mtoto hajajitafutia kosa la kwake.

Gazeti hili analisoma, najua, maana mimi humkuta nalo mezani. Mwanangu, jiwe lako lilikaa mle siku nyingi na hakuna kilichodhurika. Ni mimi. Ukitaka kuniita "wewe" tena, niite, nitaitika.