Siku Nilipochaguliwa Kuwa Bibi Harusi Kaaga

Kuna watu hapa nyumbani Singida ambao hawaujui mkasa huu, na laiti dada yangu angekuwa na kifua cha kutunza siri ningeuacha ubaki hivyo hivyo, lakini ameshaanza kuwasimulia nusu nusu na kutia chumvi, kwa hiyo bora niutoe mwenyewe: nimewahi kuchaguliwa kuwa bibi harusi mbele ya koo mbili, na pale hakuna hata mmoja aliyenijua jina.

Nilikuwa Embu, Kenya, kwa muhula mmoja, kwenye ule mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, nimepanga chumba mtaa wa Dallas (ndiyo, Dallas, na mama nilimpigia simu kwa mbwembwe zote). Siku za masomo hazikuwa mbaya. Shida ilikuwa Jumamosi, wenzangu wanakwenda makwao, mmoja Runyenjes kusaidia kuchuma kahawa, mwingine kwa shangazi, na mimi nabaki kusikiliza redio ya jirani ukutani. Upweke ule uliniuma, sifichi. Basi nikajipa kazi ya kuzurura, kila mwisho wa wiki mtaa mpya au mji mpya, nikirudi nimeona mengi na wa kumsimulia sina.

Jumamosi hiyo nikafika Meru. Nikazunguka soko, nikapandisha hadi Kaaga kutazama shule zilizosifiwa sana (zilikuwa shule tu, majengo na uzio), na nilipokuwa nageuka nikasikia wanawake wanaimba. Walikuwa nje ya lango wamejifunga leso (khanga) za kufanana, wanaomba kwa wimbo wafunguliwe, na wenzao wa ndani wanawakatalia kwa wimbo, kumbe ni posa, watu wameleta mahari. Nikasogea kidogo. Lango likafunguliwa, watu wakamiminika, na mimi na kiherehere changu nikamiminika nao. Mama mmoja mnene akanishika mkono.

"Wewe ni wa upande gani, mami? Ya bwana ama yetu?"

Hapo ndipo pa kusema samahani, mimi mpita njia. Lakini sikukumbuka mara ya mwisho mtu kunishika mkono. Nikasema, "Wenu."

Basi nikawa wao. Yule mama, Anti Gacheri, shangazi wa msichana anayeposwa, akaamini nimekuja na marafiki wa Kendi (ndiye huyo msichana), akanituma kuosha vikombe, nami nikaosha kwa furaha mpaka nikarudia vilivyokuwa safi.

Sasa, huko wana desturi yao. Bwana anapangiwa wasichana kadhaa waliofunikwa leso gubigubi, miguu tu ndiyo inaonekana, amtambue wake. Akikosea anatozwa faini na ukoo wake unachekwa. Anti Gacheri akanijia mbio.

"Wewe na Kendi mnatoshana urefu. Vaa hizi viatu zake. Hiyo kijana ataingia boksi, atanaswa!"

Nikavaa. Tukapangwa mstari, leso juu, jasho, giza, muziki. Chini ya leso nikaona viatu vyeusi vya kiume vinapita, vinasimama, vinarudi, vinakaa mbele yangu.

"Ni huyu!" akasema Mwenda, bwana mwenyewe, kwa sauti ya ushindi. "Hizi viatu nilimnunulia mimi!"

Akafunua. Sijawahi kuona uso wa mtu ukisawajika vile kwa kuniona. Upande wetu (bado nasema wetu!) ukalipuka kwa vigelegele, "Mbuzi! Mbuzi!", ndiyo faini, na Kendi ndani ya leso yake amejikunja kwa kicheko. Laiti yangeishia hapo. Lakini mjomba wa Mwenda akasimama, akasema mbuzi hatoki mpaka wahakikishe ni binti wa nyumba hii kweli, si mtu wa kukodiwa. Mshereheshaji akaniletea maikrofoni.

"Mrembo, ambia wazee. Wewe ni mtoto ya nani?"

Nikamtazama Anti Gacheri, naye akamtazama Kendi, ambaye sasa amejifunua.

"Mimi simjui," Kendi akasema. "Nilidhani ni wewe umemleta, Anti."

Anti Gacheri amesimama pale mbele ya wakwe anaonekana tapeli, na tapeli ni mimi. Nikafungua mdomo, na yaliyotoka sikuyapanga.

"Mimi si wa mtu hapa. Natoka Tanzania, nasoma Embu. Anti hana kosa. Nilisikia mnaimba, na Jumamosi huwa sina mtu wa kuongea naye."

Halafu nikalia. Kwenye maikrofoni, jamani! Spika zikasambaza kwikwi zangu Kaaga nzima.

Shosho wa Kendi, yaani bibi yake, akasema kitu kwa Kimeru, mshereheshaji akatafsiri: "Shosho anasema huyu ameosha vikombe zetu, kwa hivyo ni wetu. Mbuzi ilipwe!" Wakacheka wote, hata mjomba, na mbuzi akalipwa. Nikapakuliwa mukimo na nyama, hakuna aliyenisema vibaya, lakini macho sikuweza kuyainua, na wakati wa picha nilijificha nyuma ya tangi la maji.

Nilipoaga, Anti Gacheri akanijazia chakula kwenye hotpoti yake.

"Hii hotpoti ni ya maana," akasema. "Utaniletea Jumamosi ile ingine, tukunywe chai. Usiniibie, eh?"

Nikamwambia sawa. Jumamosi iliyofuata nikaiosha, nikaitia kwenye mfuko, nikafika mpaka stendi, nikazikumbuka zile kwikwi kwenye spika, nikageuka. Iliyofuata vilevile. Muhula ukaisha nikila peke yangu Dallas, ilhali kuna nyumba niliyoambiwa waziwazi nirudi, na kilichonizuia ni aibu ambayo nadhani wao waliisahau kabla hawajamaliza kukunja viti.

Kisa cha viatu chekeni, hata mimi nacheka. Ila nimeapa, nikikaribishwa tena ugenini nitarudi, hata kama mara ya kwanza niliumbuka mbele ya ukoo mzima. Hotpoti iko hapa jikoni kwangu, na Anti Gacheri mpaka leo anajua nilimwibia.