Kiti cha Kulia

Mvua zile nilikuwa nyumbani Kenyamonta nikisubiri kurudia mtihani, na sikukalika. Nilifyeka mahali palipofyekwa jana. Nilipanda pikipiki hadi Mugumu bila shughuli yoyote, nikarudi, nikachaji simu iliyokuwa imejaa. Mama akasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, na hakukosea.

Leseni ya kurusha ndege za biashara nilikuwa nayo. Miaka miwili niliruka peke yangu na ndege ndogo ya injini moja, nikiwashusha watalii Ikoma, mpaka saa zangu za angani zikatosha kuomba kazi kwenye shirika kubwa. Huko unaanzia kiti cha kulia, rubani msaidizi, na kushoto anakaa kapteni. Mtihani wa karatasi nilipita, kwa daktari nikapita. Niliharibu kwenye simuleta, kile chumba kinachoiga ndege. Nikapewa nafasi moja tu ya kurudia, baada ya miezi mitatu. Nikishindwa tena, basi.

Kapteni aliyenipima alikuwa mzee wa rika la baba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, tukafunga mikanda. Tulipoingia mawinguni akaanza kushuka chini ya kimo tulichoruhusiwa. Niliona kabisa. Tulishafundishwa la kufanya: mwambie, rudia, asipojibu shika ndege wewe. Mimi nikakohoa. Halafu nikasema, "Samahani kapteni, sijui kama umeona..." Kabla sijamaliza, kioo cha mbele kikawa chekundu. Tulikuwa tumegonga mlima.

"Nilifanya makusudi," akasema, wala hakuwa na hasira. "Abiria wote wamekufa kwa heshima zako."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilijikasirikia mimi, nikamkasirikia na yeye kwa mvi zake. Kama angekuwa kijana mwenzangu ningemkemea saa ileile!

Wiki ya pili baba alinifuata zizini akaniuliza ni kitu gani hasa kilichonishinda. Nikamwambia: kumwambia mzee kwamba anakosea. Kwetu mtoto hamkosoi baba yake. Ukiwa na neno zito unamtafuta mjomba, aje akusemee, tena kwa kuzunguka. Mimi na ukubwa wangu sikuwahi kumpinga baba hata juu ya jembe.

"Mura, kijana wangu, anza na mimi," akasema. "Niambie nilipokosea."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ningeweza kumtajia mahindi aliyochelewa kupanda, tukamaliza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niyaseme. Likatoka jingine: "Ulikosea kumtoa dada shule ukamwoza, akiwa kidato cha pili."

Ng'ombe wa mahari yake ndio waliouzwa nikaanza chuo cha urubani. Pale nyumbani hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo, na mimi ndiye niliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kunyamaza. Niliona aibu, na niliogopa.

Baba alitazama chini, akakwangua matope kwenye buti kwa ncha ya fimbo yake, akakwangua na buti la pili. Nilidhani ataondoka.

"Umesema chinichini," akaniambia, bila kuinua uso. "Huyo kapteni wako atasikia? Rudia."

Nikarudia. Safari hii mama alisikia mpaka jikoni.