Baba, zeze lake na picha ya mama

Leo mchana nimemzimia baba picha ya mama, na tangu hapo sijaweza kumtazama usoni.

Nilimwita ukumbini hapa chuoni Dodoma, tufanye mazoezi ya onyesho letu.
Baba anapiga zeze, kompyuta inamsikiliza kwa maikrofoni, na picha ukutani zinafuata sauti. Akipiga zinang'aa, akinyamaza zinafifia.

Nikaweka picha za nyumbani Msalato. Ng'ombe, shamba la mtama, na moja ya mama akipepeta uwele.
Mama tulimzika mwaka juzi.
Nilidhani baba atafurahi. (Ndiyo, najua.)

Mama alipotokea, mkubwa ukuta mzima, baba alishtuka akaacha kupiga.
Mama akaanza kufifia.
Baba akarudisha upinde kwenye nyuzi haraka, na mama akarudi.

Basi, hakuacha tena.
Nusu saa nzima. Jasho linamtoka.

"Baba, pumzika kidogo."
"Nikipumzika anaondoka," akasema, bila kugeuka.

Kikundi kilichofuata kilikuwa kimeshafika na ngoma zao. Wakasimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kutuharakisha.
Mwisho msimamizi wa ukumbi akaninong'oneza, "Dada, muda umekwisha."
Nikazima.

Baba aliendelea kupiga kidogo, macho kwenye ukuta mtupu. Kisha akaniuliza taratibu, "Kesho tunaanza saa ngapi, mwanangu?"

Kesho ndiyo onyesho lenyewe, watu wamealikwa.
Picha ya mama niiache au niitoe? Nisaidieni jamani, mimi nimeshindwa.