Nimemkaribisha Nani Msimbati?

Leo nimemkaribisha chakula mtu ambaye hayupo.

Msicheke. Bado nimekaa naye mezani.

Basi la kutoka Dar liliharibika njiani, tukakaa porini mpaka abiria tukaanza kuitana shemeji. Bodaboda ya kutoka Mtwara mjini nayo ikapata pancha mchangani. Nimefika Msimbati alasiri, hoi, nikachukua chumba cha bei ya chini kwa Bi Somoe, pale pale ufukweni.

Akanitengea muhogo na samaki nje, chini ya mivinje.

Nimeinama nakula, nikasikia nyuma yangu: "Assalaam alaykum."

Nikajibu bila kugeuka, kama tulivyolelewa: "Waalaykum salaam, karibu tule."

Nikageuka. Mchanga mweupe mpaka majini, na nyayo ni zangu peke yangu.

Bi Somoe akatoka jikoni. "Umemkaribisha nani, mwanangu?"

"Sijamwona, bibi."

Hakucheka. (Angecheka ningeshukuru.) Akaleta sahani ya pili na bakuli la maji ya kunawa, akaviweka upande wa pili wa meza.

"Umeshamkaribisha. Usinyanyuke kabla hajamaliza."

Yale maji yalikuwa safi, niliyaona yakimiminwa. Upepo hakuna. Sasa hivi yana mchanga chini.

Bi Somoe amepita, akachungulia bakuli. "Haya, kashanawa."

Watu wa Mtwara, nisaidieni: mgeni wa namna hii akishashiba, huwa anaaga?

Maana mimi nimelipia kitanda kimoja tu.