Udi Juu, Uvundo Chini

Nyumba yangu ya Ibra, huku Omani, ina uvungu. Majirani zangu wengi hawana habari ya kitu hicho. Nyumba zao zimekaa juu ya ardhi na mambo yamekwisha. Sisi tulijenga mteremkoni, karibu na wadi, bonde kavu linalojaa maji mvua ikinyesha, na marehemu mume wangu hakutaka siku moja maji ya mvua yatukute sebuleni. Akaiinua sakafu juu ya nguzo fupi, chini yake akaacha nafasi ya kumtosha mtu kutambaa kwa tumbo, na kuzunguka kuta zote akaweka vidirisha vidogo ili upepo upite. Nilimcheka. Nilimwambia amejenga juu nyumba ya watu, chini nyumba ya paka.

Na kweli paka walihamia. Mwaka wa kwanza wa ujane wangu paka mmoja alizalia humo, na baada ya paka akaonekana nyoka. Nikamwita fundi, akaviziba vidirisha vyote kwa tofali na saruji, akaacha kimlango cha chuma cha nyuma tu, nacho nikakitia kufuli. Nikalala raha mustarehe. Mwanamke anayeishi peke yake hutaka kila tundu lizibwe. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakutaja kuwa yako matundu mengine yamewekwa makusudi yaachwe wazi. Aliyeyajua hayo nilikuwa nimeshamzika.

Nina mtoto mmoja tu, binti, ameolewa Maskati. Siku hizo walikuja kila Alhamisi, yeye, mumewe na mjukuu wangu, wakalala mpaka Jumamosi. Wakifika njia panda ya Bidbid binti yangu hunipigia simu: "Mama, tushafika Bidbid." Hapo ndipo nilipokuwa nikiteleka wali, na wakiingia mlangoni unakuta uko tayari kupakuliwa. Siku nyingine za wiki sikuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Majirani ni watu wema, tunakaa, tunakunywa kahawa, tunaongea Kiarabu. Lakini mzaha wangu wote uko kwenye Kiswahili. Kwa Kiarabu mimi ni mwanamke mpole sana, na mtu akiwa mpole siku tano mfululizo huchoka.

Uvundo ulianza pole pole. Sikuuita uvundo. Unyevu gani Ibra, mji ambao ukianika shuka, ukifika mwisho wa kamba ile ya kwanza imeshakauka? Nikasema ni mazulia, nikayafua. Nikasema ni kabati, nikalitoa nje likapigwa jua. Rangi ya ukuta ikaanza kumomonyoka pale chini na kutoa unga mweupe kama chumvi. Nikausogeza mto wa kuegemea ukapaficha. Na kwetu sisi nyumba ikinuka haina mjadala, unatia makaa kwenye chetezo. Nilifukiza udi asubuhi, nikafukiza jioni, na Alhamisi nikafukiza mpaka macho yakaniwasha. Kisha nikafunga madirisha yote ili harufu iingie vizuri kwenye mapazia. Akili yangu yote iliishia hapo. Nilikuwa naufungia uvundo humo humo pamoja na udi wangu wa bei.

Na nani angeniambia? Mgeni wa kwetu hamwambii mwenyeji kuwa nyumba yake inanuka. Huingia, hunusa, husema mashaallah, nyumba inanukia, hunywa kikombe kimoja cha kahawa badala ya vitatu, halafu hukumbuka kuwa ana shughuli. Majirani wakaanza kupungua. Nilidhani wamenichoka, na mimi sikumuuliza mtu, kwa sababu nina kiburi.

Mjukuu wangu tulikuwa tukimtandikia godoro juu ya zulia, katika chumba cha ukumbini. Akilala Alhamisi, Ijumaa anaamka anakohoa. Akilala Ijumaa, Jumamosi kifua kinalia filimbi. Akirudi Maskati anapona. Binti yangu akaanza kuondoka Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mara mtoto ana hili, mara baba yake ana lile. Mimi nikajua ni nani anayemtia maneno. Ni mumewe. Mkwe wangu ni Mwomani kama sisi, lakini wazee wake walitokea bara, Tabora huko, na sisi tuliotokea Unguja mjini tuna maradhi ya kujiona. Siyafichi. Nilikuwa nikimtazama anavyokata mkate na kumtafutia kosa.

Ijumaa moja baada ya kula, binti yangu yuko jikoni, mkwe wangu alikuja akakaa karibu yangu. Alikaa upande upande, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama, usinifahamu vibaya," alisema. "Leo asubuhi nimechukua ufunguo jikoni, nikafungua kile kimlango cha nyuma nikamulika. Huko chini hakuna ventilesheni. Maji ya eisii yote yanamwagika humo. Hii harufu ni ya koga, na huu moshi wa udi unamzidishia mtoto kifua."

Nilisikia neno moja tu. "Harufu? Harufu gani?"

Macho yake yakaenda kwenye chetezo.

"Ndivyo mlivyofundishwa huko kwenu bara, kwenda kuchungulia chini ya nyumba za watu? Nyumba yangu inanuka, eti? Basi toka, usije ukanuka na wewe. Na usikanyage hapa tena!"

Alisimama. Alisema, "Nisamehe, Mama," akachukua funguo za gari. Binti yangu alitoka jikoni mikono ina povu, akanitazama, akamtazama yeye, akaenda kumvalisha mtoto viatu. Mtoto alikuwa na miaka mitatu.

Nilimngoja mkwe wangu aje kuomba radhi kama inavyopasa, kwa miguu yake, akae mbele yangu. Mdogo ndiye anayemwendea mkubwa, ndivyo nilivyolelewa. Hakuja. Binti yangu alinipigia simu kila siku, na mara moja moja alikuja peke yake kwa saa mbili tatu, tukazungumza habari za watu wengine. Mjukuu nilimwona siku za Idi, Maskati kwa kaka yangu, katikati ya watoto ishirini, akinibusu mkono kisha anakimbia. Mtu haombi kuletewa mjukuu na huku amemfukuza baba yake. Alhamisi niliendelea kuteleka sufuria ile ile, Jumamosi nikaipeleka kwa jirani. Nilikuwa mpweke. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Ziko siku nilisoma kwa sauti maandishi ya mkebe wa maziwa, nisikie tu sauti ya mtu ndani ya nyumba.

Mwaka wa tatu, Ramadhani inakaribia, niliamua kukisafisha kile chumba cha ukumbini. Godoro la mtoto lilikuwa bado limetandikwa vile vile. Nilikuwa nikilibadilisha shuka kila wiki, lakini sijawahi kulinyanyua. Safari hii nikalivuta, halikuja. Lilikuwa limegandana na zulia. Nikalivuta kwa nguvu likabanduka, na upande wake wa chini wote ulikuwa mweusi, umeota koga lenye manyoya. Nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Nikafunua zulia, nikatia kiganja sakafuni, nacho kikatoka kibichi kwa maji.

Nikakaa pale pale chini. Juu ya kitu kile ndipo nilipokuwa nikimlaza mtoto, nikimfunika vizuri, nikimsogezea chetezo karibu ili anukie.

Asubuhi yake nikamwita fundi, Mpakistani mmoja mwembamba. Akafungua kimlango cha nyuma, akaingia na tochi, nikabaki kuona nyayo zake tu. Akapaza sauti kutoka ndani kwa Kiarabu chetu cha mafundi: "Moya wajid, mama!" Maji mengi. Alipotoka tope limemfika kifuani. Mipira mitatu ya viyoyozi ilikuwa ikichuruzika humo chini miaka yote hiyo, kiangazi kutwa kucha, na maji hayana pa kwenda. Tena kwenye ukuta wa nje nilikuwa nimeotesha asumini, kwa kuwa kwangu nyumba bila asumini si nyumba, na kila alasiri naifungulia maji mpaka ardhi inywe ishibe. Iliposhiba ilimimina ndani. Fundi akanionyesha kipande cha zege kilichomdondokea begani: nondo za sakafu zimevimba kwa kutu. Akaniambia kwa ishara ya mikono kuwa, kama ningeendelea hivi, siku moja kitanda changu kingeshuka chini nami nikiwa juu yake.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu, na hilo ndilo lililoniuma. Vidirisha vyote vikafunguliwa vikatiwa wavu mdogo wa chuma, nyoka hapiti na upepo unapita. Mipira ya viyoyozi ikapelekwa mbali, kwenye mtende. Asumini ikahamishiwa ukuta wa uani. Maji yakavutwa kwa pampu, tope likakaushwa, juu ya udongo ikatandazwa nailoni nzito, na nondo zikakwanguliwa na kufunikwa upya. Mwenye nyumba yenye uvungu, nakwambia mimi niliyelipia ujinga: shuka ukatazame. Usipoweza kushuka, mshushe mtu, angalau mara moja kwa mwaka. Maji hayakai chini kwa adabu yakakungoja. Yanapanda kwenye sakafu, kwenye kuta, kwenye godoro, yakifika kwenye kifua cha mtoto utadhani ni mafua.

Miezi mitatu sikufukiza kitu. Nilifungua madirisha nikaiacha nyumba ipumue. Siku moja niliingia kutoka sokoni nikasimama ukumbini, nikavuta pumzi, hapana harufu. Si ya uvundo, si ya udi. Nikaogopa kidogo, maana nilikuwa nimeshasahau nyumba yangu ilivyo.

Ikabaki simu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilishayaficha ya kutosha. Nilikaa nayo mkononi tangu alasiri mpaka karibu na magharibi. Namba ya mkwe wangu sikuwahi kuipiga hata mara moja tangu siku ile.

"Shikamoo, Mama," alisema, utadhani tumeachana jana.

"Marahaba, mwanangu." Nikaisahau hotuba yote niliyoipanga. "Ulisema kweli. Nyumba yangu ilikuwa inanuka. Nimeitengeneza. Nilikutukana, nikakutukania na wazee wako, na wewe ulikuwa unamtetea mwanao. Nisamehe."

Nikamsikia akikohoa kidogo, akihama mahali penye watu.

"Mama, mimi sikukasirika."

"Mbona hukuja, basi? Miaka mitatu nakungoja uje!"

"Uliniambia nisikanyage," alisema. "Wewe ni mama yangu. Nikasema nangoja uniite."

Nilikuwa nimemhukumu kuwa hana adabu, kumbe adabu yake ndiyo iliyomweka Maskati. Miaka mitatu tumengojeana, kila mmoja na heshima zake, na mimi ndiye niliyekuwa na neno la kulimaliza. Nikalia. Hata simu sikuiweka mbali asinisikie.

Alhamisi binti yangu akapiga kutoka Bidbid. Nikateleka. Walipofika, mkwe wangu hakutaka hata maji kwanza; alizunguka nyuma, akalala kifudifudi na kanzu yake nyeupe, akamulika uvunguni kwa simu. Nilimwacha achungulie mpaka aridhike. Akainuka ana vumbi kidevuni.

"Pakavu, Mama," akasema.

Tukaingia, tukala. Mjukuu wangu sasa alikuwa na miaka sita, meno mawili ya mbele hana. Alikaa ubavuni mwa mama yake, magoti pamoja, anakula pole pole, na kila nikimwongeza anasema ahsante, Bibi, ahsante, kama mgeni aliyetoka mbali. Mama yake akamwambia leo tunalala hapa, akatikisa kichwa kukubali, akaangalia kuta, akaangalia dari. Nilikaa namtazama kifua kinavyopanda na kushuka chini ya kanzu yake ya maua. Hakukohoa.

Tulipokwisha kunawa alinisogelea, akainua uso, akaninong'oneza ili wakubwa wasimsikie:

"Bibi, hammam iko wapi?"

Nikamshika mkono, nikampeleka chooni. Ni mlango wa pili, unaotazamana na chumba alichokuwa akilala.