Majeruhi wa Siku ya Tisa

Ofisini tulimwita Mama Takwimu, wala hakununa. Alijaza fomu za ajali za barabarani kwa miaka kumi na minne, kwa mwandiko wa kuringia. Kila ajali ilitakiwa iwe na chanzo kimoja tu, na dereva akifa, chanzo kilikuwa mwendo kasi. "Maiti habishi," alikuwa akisema, nasi tukicheka. Ukweli ni kwamba kulikuwa na breki mbovu, madereva waliosinzia, walevi, na watu waliovuka barabara gizani. Lakini fomu ilikuwa na kisanduku kimoja, na sisi tulikuwa na hamu ya kwenda nyumbani.

Kulikuwa na utaratibu mwingine, na huu ndio ulionikaa rohoni. Fomu ilifungwa siku ya saba baada ya ajali. Aliyekufa kabla ya hapo aliandikwa marehemu. Aliyekuwa bado anapumua aliandikwa majeruhi, na hata akifa kesho yake, kwetu alikuwa mzima. Hakuna aliyepiga simu hospitali kuuliza.

Mwezi wa Agosti lori lilimgonga kaka yake Mama Takwimu kwenye njia panda ya shuleni, akiwa anasukuma baiskeli. Siku ya saba Mama Takwimu alitoka hospitali amechangamka.

"Kafumbua macho leo!" akaniambia. "Namwandika majeruhi kwa mkono wangu mwenyewe."

Akaifunga fomu, mimi nikatia sahihi ya pili kama kawaida. Siku ya tisa kaka yake akafariki.

Njia panda ile ilikuwa imeshaua watu wanne tangu Januari, bila kumhesabu yeye, na watu wa barabara hawajengi tuta mpaka waliokufa wafike watano ndani ya mwaka. Watoto mia sita huvuka pale kila asubuhi, wakiwamo wawili wa marehemu. Baada ya mazishi Mama Takwimu akaenda kuomba fomu ifunguliwe kwa bosi, ambaye alikuwa ametoka kupongezwa kwa sababu vifo vimepungua.

"Pole sana, mama," bosi alisema. "Lakini saba ni saba. Tukimfungulia mmoja, tutawafungulia wangapi?"

Swali lilikuwa zuri, ndiyo maana hakutaka lijibiwe.

Ijumaa, siku ya kupeleka ripoti, wifi yake, mjane wa marehemu, alikuja ofisini. Tulimpa kiti, hakukaa.

"Wifi, umeshamwandika?"

"Wifi yangu, kwenye fomu bado ni majeruhi."

"Majeruhi?" Akatutazama sote wawili. "Haya, basi nipeni nirudi naye nyumbani. Wanawe wananiuliza kila siku, nami nawaambia baba yenu kafa. Kumbe nawadanganya!"

Alipotoka, Mama Takwimu, yeye aliyekuwa akitusimanga kwa kufutafuta, akachukua rula. Akalikata neno majeruhi kwa mstari mmoja, juu yake akaandika marehemu, akatia sahihi, akanisogezea ile fomu.

"Bado wewe," akasema.

Nilikuwa nimeahidiwa cheo mwezi uliofuata. Sina haja ya kuficha: niliogopa. Nikamwambia, "Dada, tuvute subira kidogo. Haraka haraka haina baraka." Mwoga hakosi methali. Mama Takwimu alikaa ameifunika fomu kwa kiganja mpaka tarishi alipokuja kuchukua mafaili, na bila sahihi yangu ripoti ikaenda na wanne.

Wa tano alipatikana Novemba, mtoto wa watu, wa darasa la tatu, akafa palepale. Tuta likajengwa ndani ya wiki mbili. Mama Takwimu aliijaza fomu ya mtoto yule mwenyewe, akaniwekea mezani. Safari hii nilitia sahihi mara moja, naye hakuniangalia.