Mke Wangu na Tarumbeta la Besi

Dada yangu anayeishi Zirai alinipigia simu Jumapili moja alasiri. Kabla hatujafika kwenye habari za watoto akasema, "Shikamoo kaka. Hiyo sauti ni ya nini? Mmenunua ng'ombe?"

"Marahaba. Huo ndio muziki tunaousikiliza nyumbani siku hizi. Ni wifi yako anapuliza tarumbeta."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Nilipompigia tena ilibidi nimsimulie tangu mwanzo.

Usharika wetu hapa Malindi, hii ya milimani, si ile ya pwani, una bendi ya tarumbeta, na tangu enzi za babu zetu wapulizaji ni wanaume watupu. Mpuliza besi, lile tarumbeta kubwa linalopakatwa kama mtoto, alihamia Tanga kwa mwanawe. Chombo kikabaki stoo, kimefunikwa gunia. Siku ya zamu yake ya kufagia kanisa, mke wangu alikipangusa vumbi, akakitia mdomoni, akapuliza. Anasema kilitoa mlio mmoja tu, mzito, akausikia mpaka kifuani. Alirudi nyumbani anakimbia kama msichana, naye ana wajukuu!

"Baba watoto, mimi nataka kujifunza."

Nilimwambia kwamba mwalimu wa bendi hatakubali. Akaenda hivyo hivyo. Mwalimu akamtazama, akauliza, "Mama, pumzi unayo?"

"Nimepanda mlima huu na mizigo ya kabichi kichwani tangu nilipoolewa. Leo unaniuliza pumzi?"

Akapewa chombo aje nacho nyumbani.

Mwanzoni ilikuwa buu, buu, buu, mchana kutwa. Kuku walihama uani. Mimi huku napalilia karoti nikajikuta jembe linafuata mapigo yake. Baada ya muda zile buu zikaanza kupanda na kushuka, na jioni moja nikautambua wimbo! Niliacha jembe, nikaenda kusimama mbele yake nikiimba sauti ya juu, yeye akinishikilia kwa chini. Redio tukaisahau kabisa.

Siku moja jirani yetu, mzee Mwislamu anayelima maharage, alikuja mpaka kwenye ua. Nikajua leo tunalalamikiwa.

"Jirani," akasema, "jana sikumsikia mama. Anaumwa?"

Pasaka ilipofika, dada yangu alikuwa amekuja kutoka Zirai kushuhudia kwa macho yake. Alfajiri tulisimama makaburini, kama desturi ya usharika wetu kila Pasaka, ukungu umetanda, tunayaona makoti ya wapulizaji tu na midomo ya shaba ya vyombo vyao. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni, kitenge kipya, besi mapajani. Nilivuta pumzi kana kwamba mimi ndiye nitakayepuliza. Mwalimu akainua mkono. Noti ya kwanza ya mke wangu ilichelewa kidogo, nikafumba macho. Kisha ikaja, nene, imetulia, na sauti zote zikakaa juu yake kama nyumba juu ya msingi. Dada yangu alinibana mkono, machozi yanamtiririka, anacheka.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja wa kwaya alimvuta mwalimu pembeni. "Na mimi nataka. Nipe hata kile kidogo."

Sasa wanafanya mazoezi uani kwetu, wawili. Yule mpya bado analia kama mbuzi aliyekwama, lakini besi haimwachi. Jirani yetu siku hizi huja na kigoda chake.